Je, wajua kwa nini aliyekesha kazini hashibi usingizi wa mchana?

Muulize muuguzi aliyetoka naiti, au mlinzi aliyekabidhi lango alfajiri, atakusimulia jambo lile lile. Akifika nyumbani anajitupa kitandani saa 3 asubuhi na hajui hata usingizi umemchukua saa ngapi. Saa 7 mchana macho haya hapa, makavu, yanahesabu mbao za dari. Hakuna aliyemwamsha. Mwili bado umechoka, kichwa kizito, na jioni anatakiwa tena kazini. Lakini usingizi umekatika kama maji ya bomba.

Wengi hulaumu kelele: redio ya jirani, gari la matangazo, watoto waliotoka shule. Kelele zina makosa yake, ila si mshtakiwa wa kwanza. Hata ukimlaza mtu huyo kwenye chumba kimya kama msikiti baada ya swala, kuna uwezekano mkubwa ataamka baada ya saa tano au sita za usingizi, hazijatimia saba. Kinachomwamsha kimo ndani yake.

Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, mtaalamu wa nyota aitwaye Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, alichukua mmea wa namna ya kifauongo, ule ambao watoto huugusa ili usinyae. Majani yake hufunguka mchana na kujikunja usiku. Akaufungia gizani. Majani yakaendelea kufunguka na kujikunja kwa wakati wake, siku baada ya siku, bila kuliona jua. Kumbe mmea ulikuwa na saa yake. Sisi nasi tunayo. Ni kishada cha chembe hai 20,000 hivi ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho mawili inapopishana. Jinsi saa ya namna hii inavyojiendesha kwa vinasaba ndiyo iliyowapa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel mwaka 2017, baada ya miaka mingi ya kuwachunguza nzi wa matunda.

Saa hiyo kwa watu wengi inachelewa kidogo, mzunguko wake unazidi saa 24 kwa dakika chache. Kwa hiyo kila siku lazima irekebishwe, na fundi wake ni mwanga, hasa wa asubuhi. Hapa Waswahili tuna bahati ya lugha: saa yetu ya ukutani nayo huanza kuhesabiwa jua linapotoka. Mgeni akishangaa kwa nini tunaita saa 1 wakati yeye anaona 7, mwambie ubongo wake unahesabu kama sisi.

Sasa turudi kwa yule wa saa 7 mchana. Usingizi unaendeshwa na mambo mawili. La kwanza ni deni. Kadiri unavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini inajikusanya kwenye ubongo, na ndiyo inayokufanya usinzie. Ukilala, deni linalipwa. La pili ni saa yenyewe, ambayo hailijui deni lako wala haina habari nalo. Hiyo hushusha joto la mwili usiku hadi kwenye kina chake, karibu saa 10 au 11 alfajiri, kisha huanza kulipandisha, na homoni ya usingizi, melatonini, inazimwa kulipokucha.

Kwa anayelala usiku, mambo haya mawili husaidiana. Saa za kwanza analala kwa nguvu ya deni. Deni likipungua, saa ya mwili inampokea na kumshikilia hadi asubuhi. Aliyekesha anapolala saa 3 asubuhi hana msaada huo. Deni ni kubwa, ndiyo maana anazama kama jiwe. Ila kila saa inayopita deni linapungua huku saa ya mwili inapanda kuelekea mchana. Baadaye mizani inageuka. Deni lililobaki bado linatosha kumfanya ajisikie vibaya, lakini halitoshi kumshikilia kitandani.

Je, mwili hauzoei? Mwaka 1938 mwanasayansi Nathaniel Kleitman na mwanafunzi wake Bruce Richardson waliingia kwenye pango la Mammoth huko Kentucky, Marekani, wakakaa siku 32 wakijaribu kuishi kwa siku yenye saa 28. Mwili wa Richardson, kijana, ukaifuata ratiba mpya. Wa Kleitman, aliyekuwa na umri wa miaka 40 na zaidi, ukagoma na kubaki na saa 24 zake. Na hao walikuwa pangoni, jua halina njia. Mlinzi wa Dar es Salaam hana pango. Anatoka kazini jua ndiyo kwanza linapanda, anasimama kituoni akisubiri daladala, na kwa muda wote huo fundi yuko kazini akiirekebisha saa: kumekucha, kumekucha. Taa za wodini hutoa lux (kipimo cha mwanga) mia chache tu. Nje asubuhi yenye jua ni zaidi ya 10,000.

Kwa maoni yangu hapo ndipo mchana wa mkesha unapoharibikia, njiani, kabla kitanda hakijaguswa. Anayepanda daladala avae miwani ya jua na kofia, na asipitie sokoni. Anayeendesha mwenyewe pikipiki asijitie giza machoni. Afadhali usingizi mfupi kuliko kulala usukani.

Chumba nacho kinataka kazi. Kaniki mbili zilizopishanishwa dirishani hushinda pazia zuri la maua. Joto ni adui mwingine, kwa sababu mwili hulala vizuri ukiwa unapoa, na chini ya bati lisilo na dari saa 7 mchana hakuna kinachopoa. Chumba cha upande usiopigwa na jua, feni, maji ya kuoga kabla ya kulala, vyote vinasaidia. Kahawa iwe ya mwanzo wa zamu. Ukiinywa saa 10 alfajiri, karibu nusu ya kafeini yake bado imo mwilini saa 4 asubuhi, na kafeini kazi yake ni kuizuia adenosini isisikike. Chai ya rangi nayo inayo, ingawa kidogo.

Lakini kuna jambo ambalo kaniki haizibi. Mtu aliyelala saa 5 asubuhi huhesabiwa kuwa yupo nyumbani. Fundi akija anaamshwa, mgeni akija anaamshwa, mtungi wa gesi ukiisha anaamshwa. Kwa wanawake ni zaidi: mume akitoka zamu watoto wanaambiwa baba amelala, mke akitoka zamu anakutana na vyombo vya jana. Nani angemwamsha mtu saa 8 usiku kumuuliza chumvi iko wapi?

Usingizi ukigoma kukamilika kwa mkupuo mmoja, ugawe. Asubuhi lala kwa muda wa saa nne au tano, kisha pata lepe la dakika tisini kabla ya kurudi kazini. Hilo la jioni wengi hulidharau, nalo ndilo linalopunguza kusinzia alfajiri.

Ugumu mwingine ni siku za mapumziko. Wavuvi wa dagaa wanaovua kwa taa wana zamu ambayo hakuna bosi aliyeipanga. Usiku wa giza wanakesha ziwani. Mbalamwezi ikiwaka sana taa hazivuti samaki, wanabaki nchi kavu na kulala usiku kama wengine. Saa zao zinavutwa huku na huku kila mwezi. Mwenye naiti za kudumu hujifanyia hivyo hivyo kila wiki, akilala saa 4 usiku siku zake za kupumzika ili afanane na familia. Kuna njia ya katikati: siku hizo alale saa 9 usiku, aamke saa 5 asubuhi. Atakosa chai ya asubuhi na wenzake, chakula cha mchana atakiwahi.