Tiba shufaa, na maana ya kumhudumia mgonjwa kiroho

Ukitaja "huduma ya kiroho" huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, watu wanamwona padri au mchungaji kando ya kitanda. Si ajabu, maana hospitali zetu nyingi ni za makanisa: Ikonda kule Makete, Ilembula, Tosamaganga. Lakini kwenye tiba shufaa maneno hayo yamebeba zaidi ya hapo, na nimeona mgonjwa akiumia kwa sababu sisi tuliomzunguka hatukuyaelewa.

Tiba shufaa ni matunzo ya mtu mwenye ugonjwa mzito, pamoja na familia yake, ili kupunguza mateso, ugonjwa uwe unapona au hauponi. Shufaa ni maombezi, kumsemea mwenzako. Limetoka Kiarabu, na mzizi wake ndio ule ule wa shafii na witri anazoswali Mwislamu usiku, ambapo witri ni hesabu isiyo na mwenza na shafii ni jozi. Kumfanyia mtu shufaa, basi, ni kumwongezea wa pili ili asisimame peke yake. Nalipenda sana neno hili.

Aliyeipa dhana hii umbo lake la leo ni Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanza kama muuguzi, akawa ofisa ustawi wa jamii, halafu akasomea udaktari. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice jijini London. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa mahututi yana pande nne zilizoshikana: mwili, moyo, jamii na roho. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka upande wa roho ndani ya maana ya tiba hii. Upande huo ni yale maswali ya usiku: kwa nini mimi, nimemkosea nani, wanangu watabaki na nani. Asiyekanyaga kanisani wala msikitini anayo pia.

Bibi yangu aliuguzwa nyumbani, Makete, saratani ya mlango wa kizazi, mwezi wa sita, baridi kali. Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, ilikuwa imemtuliza kiuno, lakini usiku alilia. Wanamaombi walikuja wakaomba kwa sauti apone, naye akageukia ukutani. Mimi nilimwambia, "Bibi, usilie, Mungu yupo." Nilidhani namfariji, kumbe nilikuwa namziba mdomo.

Muuguzi aliyekuja kumwona alivuta kigoda, akamsalimia, "Kamwene, Bibi," akaichukua miguu yake iliyovimba akaanza kuipaka mafuta, polepole, bila neno. Alipomaliza mguu wa pili ndipo akauliza, "Usiku huwa unawaza nini, Bibi?" Bibi akamtaja mdogo wake. Waligombania shamba la viazi, na miaka mingi hawakuwa wanasalimiana. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza.

Hiyo ndiyo huduma ya kiroho, na haikuhitaji joho. Muuguzi huuliza kinachompa mgonjwa nguvu, kinachomlemea, na mtu anayetamani kumwona. Mgonjwa akitaka sala, anaitiwa mtu wa dini yake yeye, hata kama muuguzi ni wa dini nyingine. Kumhubiria mtu aliyelala, asiyeweza kuinuka akaondoka, ni kumwonea. Na akiuliza "nani kaniroga?", swali ambalo huku kwetu halikosekani, hakuna haja ya kubishana naye wala kumtafutia mchawi. Anaogopa, na hofu hiyo ndiyo ya kusikilizwa.

Jambo moja lisisahaulike: sala haishiki nafasi ya dawa. Mtu anayegugumia kwa maumivu hana pumzi ya kusema yaliyo moyoni, kwa hiyo mofini hutangulia. Bila ile chupa, Bibi asingeweza kujibu lile swali.

Mdogo wake alifika Jumamosi, ndoo ya viazi kichwani. Tulimwekea kigoda kile kile. Walichozungumza sikukisikia, kwa sababu Bibi alituomba tutoke, tufunge na mlango.