Rada ya mawingu: kwa nini rada ya mvua haitoshi

Ile ramani ya rada tunayoiona kwenye simu, yenye madoa ya kijani na mekundu, huonyesha mvua. Wingu ambalo bado halijaanza kunyesha mara nyingi halimo kabisa. Rada za hali ya hewa kama zile za Dar es Salaam na Mwanza hutumia mawimbi yenye urefu wa sentimita kadhaa, na kazi yake ni kutafuta matone makubwa yaliyo mbali.

Rada ya mawingu ni chombo kingine. Mawimbi yake ni ya milimita: karibu 8.6 kwa masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya gigahezi 35, au 3.2 kwa gigahezi 94. Kwa kawaida antena huelekezwa juu wima, mawingu yakapita yenyewe. Hutuma pigo fupi la mawimbi na kupima mwangwi umechukua muda gani kurudi. Wingu lililo kilomita 3 juu hurudisha mwangwi baada ya mikrosekunde 20. Hivyo ndivyo kimo cha kila tabaka kinavyopatikana.

Kiini cha jambo lote ni ukubwa wa tone. Tone la wingu lina kipenyo cha karibu milimita 0.02, tone la mvua la milimita 2 limelizidi mara 100. Ungedhani mwangwi nao unazidi mara 100. La hasha. Tone likiwa dogo sana kuliko urefu wa wimbi, mwangwi hufuata kipeo cha sita cha kipenyo chake, yaani 100 huzidishwa kwa 100 hadi zitimie 100 sita, kwa hiyo tone hilo moja la mvua husikika mbele ya rada ya sentimita sawa na matone trilioni moja ya wingu. Dawa ni kufupisha wimbi: ukilipunguza kwa nusu, mwangwi wa matone hayo madogo huongezeka mara 16. Ila mawimbi mafupi hunyonywa na maji, na mvua kubwa ikishuka, rada ya gigahezi 94 huweza isione kilicho juu yake. Kwa kufuatilia dhoruba, haifai.

Inachokijua vizuri ni mwendo. Masafa ya mwangwi hubadilika kidogo kutegemea kama kitu kinapanda au kinashuka. Matone ya wingu huanguka polepole mno, karibu sentimita moja kwa sekunde, hivyo mwendo wao ni mwendo wa hewa yenyewe. Manyunyu hushuka kasi zaidi, na hapo rada hutambua kwamba wingu limeanza kutengeneza mvua kabla ardhi haijalowa.

Kile kipeo cha sita hudanganya pia. Matone machache ya manyunyu yanaweza kuufunika mwangwi wa wingu zima, na kiasi halisi cha maji kisijulikane. Ndiyo maana katika vituo kama Chilbolton, Uingereza, na kile cha Idara ya Nishati ya Marekani karibu na Lamont, Oklahoma, rada huwekwa pamoja na leza ya kupima kitako cha wingu na radiometa ya kupima jumla ya maji yaliyo angani. Huko Oklahoma kuna kero nyingine: majira ya joto wadudu wanaoruka hurudisha mwangwi unaofanana na wa wingu jembamba, na watafiti hulazimika kuwachuja kwanza ndipo wahesabu mawingu.