Sparingi haina mshindi

Kila klipu ya jimu ikizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp utasikia yale yale, "jamaa kapigwa sparingi, pambano hashindi huyu", na mwingine anajibu "hata mimi nilimpiga sparingi mwaka juzi". Ngoja tuliweke sawa hili maana limezidi.

Sparingi ni mazoezi ya mabondia wawili kurushiana ngumi kweli ulingoni, wamevaa glavu kubwa, kofia ya kichwa, kinga ya meno na ya kinena, kocha yuko pembeni anasimamia. Maana yake ndo hiyo tu. Haina jaji wala pointi, na uliyenaye pale ni mwenzako wa mazoezi, sio mpinzani.

Sasa panapowachanganya watu ni hapa, kwamba kwa macho sparingi inafanana na pambano, ngumi zinarushwa, mtu anarudi nyuma, mtu anatoka damu puani, kwa hiyo anayeangalia anaanza kuhesabu nani kashinda. Lakini bondia anayejiandaa vizuri hapandi pale kushinda, anapanda na kazi aliyopewa. Chukua bondia wa kawaida, yaani anayetanguliza mguu wa kushoto, anajiandaa kukutana na mtu wa mkono wa kushoto. Kocha anamtafutia mwenza wa kushoto na anamwambia raundi mbili za mwanzo mkono wa kulia usirushe kabisa, uweke shavuni, tumia jebu, yaani ngumi ya haraka ya mkono wa mbele, na miguu tu. Kwanini miguu? Kwa sababu mtu wa kushoto anatanguliza mguu wa kulia, kwa hiyo miguu yenu ya mbele inakaribiana mpaka mnakanyagana, na anayewahi kuweka wake kwa nje ndo anapata njia ya kupitisha konde lake la nyuma, huku la mwenzake likimpita pembeni ya bega. Hilo halifundishiki kwenye begi la kupigia ngumi kwa sababu begi halina miguu, na pedi anazovaa kocha mikononi ili upige zinasaidia kidogo tu. Kwa hiyo jamaa atakula makonde, atachelewa hatua, atakula tena, na mwenza wake yuko huru kutumia mikono yote miwili. Wewe ukirekodi sekunde ishirini za hapo utasema kachapwa, kumbe siku hiyo kafanya kazi nzuri sana, mguu umeanza kukaa.

Na kuna siku kocha anampangia wenza watatu wanaopokezana, kila raundi anaingia mtu ambaye hajachoka wakati yeye hashuki. Hapo lengo ni pumzi na akili wakati mwili umeisha, lazima ataonekana mbovu raundi za mwisho, ndo ilivyokusudiwa.

Muhammad Ali alikuwa anaegemea kamba na kuwaacha wenza wake wa mazoezi wampige mbavuni, halafu tarehe 30 Oktoba 1974 kule Kinshasa akaegemea kamba hivyo hivyo mbele ya George Foreman, Foreman akapiga mpaka mikono ikaisha nguvu, raundi ya 8 akaangushwa. Mtu angemhesabia Ali sparingi zake angemtangaza kashapoteza.

Pambano hilo hilo linatuonyesha upande wa pili, maana lilipangwa tarehe 25 Septemba na likasogezwa zaidi ya mwezi mzima kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho kwenye sparingi, kwa kiwiko cha mwenzake. Bingwa wa dunia, uzito wa juu, mazoezini tu. Ndo maana siku za mwisho kabla ya pambano makocha wengi wanakata sparingi kabisa, bondia abaki na kuruka kamba, kupiga kivuli, yaani kurusha ngumi hewani peke yake, na pedi.

Hapa ndo naumia zaidi, wale vijana wanaogeuza kila sparingi kuwa ugomvi eti "si nimevaa kofia". Ile kofia inasaidia kuzuia kuchanika, ubongo haiuzuii kutikisika ndani ya fuvu, konde zito likifika ubongo umetikisika tu. Ngumi za ridhaa za wanaume wakubwa zilianza kuvuliwa kofia 2013 na Olimpiki ya Rio 2016 walipigana vichwa wazi, kwa hiyo hata wenye mchezo hawaichukulii kama ngao. Glavu za aunsi 16 zinapunguza makali ukilinganisha na zile za aunsi 8 au 10 za pambano la kulipwa, zinapunguza tu, hazimalizi. Sparingi ngumu ipo na ina siku zake chache, nyingine zote inatakiwa iwe ya nguvu nusu, unagusa, unajifunza kuona ngumi inavyokuja bila kufumba macho, kesho unarudi kichwa kiko sawa. Kama wote wawili wanataka kuangushana na kocha kakaa kimya, hiyo sio sparingi, hilo ni pambano lisilo na daktari.

Kwa hiyo ndugu zangu, mtu hapigwi sparingi na wala hashindi sparingi, anafanya sparingi. Ukiona klipu na unataka kujua bondia wako yuko vipi, ulizia kwanza siku hiyo kocha alimpa kazi gani.