Msimu wa mzigo barabara ya Dar–Tunduma: maneno ya yadi na ukweli wake

Mwezi wa nane ukishaingia, simu za mawakala wa forodha haziishi. Mbolea ya Zambia, Malawi na Nyanda za Juu Kusini inatakiwa ifike kabla mvua za Novemba hazijashika, bidhaa za sikukuu zinashuka bandarini Dar es Salaam wakati huohuo, na shaba ya Katanga, Kongo, nayo inataka kufika melini. Malori yanayopita Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya kwenda Tunduma, mpakani na Zambia, yanaongezeka. Yanaongezeka pia maneno ambayo kila yadi ya malori inayo, ambayo watu wanarithishana kama ujuzi wa kazi. Mengine yanapoteza pesa tu. Mengine yanaua, na hayo ndiyo nitakaa nayo zaidi.

"Msimu ukiwaka, dawa ni kuongeza magari"

Lori linaingiza pesa pale linapomaliza mzunguko: limepakia Dar, limeshusha Ndola au Lubumbashi, limerudi na mzigo na kushusha salama. Chukua mfano wa kampuni yenye magari 20 na mzunguko wa siku 24. Kwa siku 120 itapata safari 100. Mzunguko ukishuka hadi siku 20, magari yaleyale yatatoa safari 120, bila kununua hata kichwa kimoja.

Siku hizo nne hazipatikani kwa kukanyaga mafuta. Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, lori lenye mzigo linaruhusiwa kilomita 80 kwa saa, na hata anayevunja sheria atakwama mlimani na kwenye mizani pamoja na yule aliyeifuata. Siku zinapatikana kwenye kusubiri. Gari limekaa siku mbili nje ya bandari kavu kwa sababu aliyepanga zamu hakuuliza kama kontena limeshalipiwa. Namba ya trela kwenye nyaraka si ile iliyofungwa kwenye kichwa, kwa sababu trela lilibadilishwa usiku na hakuna aliyemjulisha wakala. Kituo cha pamoja cha Tunduma–Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 ili taratibu za nchi zote mbili zimalizike sehemu moja, lakini hakiwezi kumsaidia dereva ambaye karatasi zake bado zinasahihishwa Dar. Ukitaka kujiandaa na msimu, anza na mtu wa nyaraka kabla hujaenda kwa muuza magari.

"Matengenezo makubwa tutafanya msimu ukiisha"

Kinyume chake ndiyo kazi. Juni na Julai, magari mengine yakiwa yamelala, ndipo unapoyaingiza gereji kwa zamu, mawili mawili au matatu matatu, na kuagiza spea zinazokufa mara kwa mara. Ukisubiri Oktoba utakuta kila mwenye gari anatafuta lainingi za breki zilezile dukani, na fundi wako mzuri ameshachukuliwa.

Kuna ukaguzi ambao hauhitaji mashine yoyote. Zima injini, matangi ya upepo yakiwa yamejaa, kisha zunguka gari kimyakimya ukisikiliza; upepo unaovuja kwenye mpira au kwenye diafremu ya breki utausikia, na mshale wa geji utakuthibitishia. Fungua valvu chini ya matangi utoe maji. Kisha, gari likishaondoka na kutembea kilomita 20 au 30, dereva asimame mahali salama, apitishe mgongo wa kiganja karibu na kila habu, yaani kitovu cha gurudumu, bila kugusa. Zote zitakuwa na joto kidogo. Moja ikitoa joto kali kuliko wenzake, ama breki imeng'ang'ania ama beringi inakwenda, na ni heri kulijua hilo ungali karibu na yadi, ambako fundi atafika haraka, kuliko kulijua usiku katikati ya Mikumi.

"Tairi naipima kwa kuipiga rungu"

Mlio wa rungu unakuambia kama tairi imekufa kabisa. Hauwezi kutofautisha upepo wa PSI 115 na wa PSI 85, na tofauti hiyo ndiyo inayopasua tairi. Tairi yenye upepo pungufu inajikunja kila inapozunguka, inazalisha joto, na joto linaachanisha tabaka zake. Kwenye tairi pacha mambo ni mabaya zaidi kwa sababu nzima inabeba mzigo wa mwenzake, na baada ya kilomita mia kadhaa unapoteza zote mbili.

Wapo pia wanaopunguza upepo njiani kwa sababu "tairi imechemka". Upepo hupanda tairi ikipata moto, na watengenezaji wameshalihesabu hilo. Ukiupunguza ikiwa ya moto, ikipoa itakuwa pungufu na kesho itachemka zaidi. Pima asubuhi, tairi ikiwa baridi, kwa geji.

"Mteremkoni weka nyutro, unaokoa dizeli"

Hili la kushuka gari likiwa halina gia ningeweza kuliandika peke yake na nisiguse jingine. Linasemwa na madereva wenye miaka mingi, linafundishwa kwa matingo, wasaidizi wa dereva wanaojifunza udereva, na msimu wa mzigo linapata nguvu kwa sababu kila mtu anataka kuwahi na kila mtu anataka dizeli ibaki.

Hata dizeli yenyewe haiokolewi. Gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na injini za kisasa za kielektroniki hukata mafuta kabisa katika hali hiyo. Ukiweka nyutro, injini haina kinachoizungusha, hivyo inalazimika kuchoma dizeli ili isizime. Anayeshuka kwa nyutro anatumia mafuta mengi kuliko anayeshuka kwa gia.

Na hiyo ni hasara ndogo. Lori la tani 50 likiachiwa huru, kinacholizuia ni breki za miguu peke yake. Dereva anakanyaga, anaachia, anakanyaga tena. Dramu inapata moto na kutanuka, ikiikimbia lainingi; lainingi yenyewe ikizidi joto inapoteza mshiko; na kila anapokanyaga anatumia upepo. Akija kushtuka kwamba pedali inakwenda chini na gari halipungui, anajaribu kurudisha gia. Haiingii, kwa kuwa mwendo umeshapita uwezo wa gia aliyoitaka. Kuanzia hapo lililobaki ni honi.

Wenzetu wa Kenya wanajua jina la Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ambako malori yaliyoshuka yakiwa nyutro yametajwa tena na tena kwenye ajali. Sisi tuna Kitonga, ambayo gari la shaba linaishuka likirudi Dar likiwa limejaa, na tuna miteremko ya Inyala, Mlima Nyoka na Iwambi kule Mbeya, inayopita karibu na makazi ya watu, bajaji na wanafunzi. Kanuni ni ileile ya zamani: chagua gia kabla mteremko haujaanza, gia ambayo ungeupandia mlima huo au iliyo chini yake, washa eksozi breki (inayobana moshi wa injini ili gari lipungue), na breki ya mguu uitumie kwa kukanyaga kwa nguvu kidogo na kuachia, si kuegemeza mguu mwanzo hadi mwisho. Mwenye gari naye ana sehemu yake. Akiwapa madereva hesabu ya dizeli inayobana hadi hawawezi kuifikia kwa uendeshaji halali, amewaambia waweke nyutro bila kufungua mdomo.

"Tani mbili za ziada si kitu, mizani tutaongea nao"

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ya mwaka 2016, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari lote na pia ukomo wa kila kundi la ekseli, yaani mihimili ya magurudumu: tani 8 kwa ekseli ya usukani, 10 kwa ekseli moja yenye tairi pacha, 18 kwa ekseli mbili zilizo pamoja, 24 kwa tatu. Kwa hiyo kichwa cha ekseli tatu na trela la ekseli tatu, mpangilio uliozoeleka barabarani, kinaishia tani 50 na si 56. Toa uzito wa gari lenyewe, unabaki na takriban tani 30 za mzigo.

Watu wengi wanakwama hapo: jumla iko sawa, ekseli imezidi. Shaba ni nzito na inachukua nafasi ndogo, hivyo ikipangwa vibaya kwenye trela, gari lenye tani halali linashikwa kwenye mizani ya Mpemba na linatakiwa kupangwa upya kabla halijaendelea. Siku inapotea, na vibarua wa kupanga upya unawalipa wewe. Tani mbili hizo pia ndizo utakazozishusha Kitonga. Barabara nayo inaumia kuliko tunavyodhani. Wahandisi huhesabu kwamba uharibifu hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, maana yake ekseli iliyozidi kwa asilimia 20 inaharibu lami karibu mara mbili ya ile halali.

"Dereva amepumzika siku tatu foleni ya Tunduma"

Anayesema hivi hajawahi kulala kwenye foleni hiyo. Gari linasogea urefu wa gari moja, linasimama dakika arobaini, linasogea tena. Akilala fofofo, wa nyuma atampita na ugomvi utaanza. Usiku anasikiliza kama kuna anayefungua tangi la dizeli au kuchana turubai. Anakula anachokipata, anaoga akibahatika. Siku ya tatu karatasi zinatoka saa kumi jioni, na simu ya ofisini inamwambia aondoke sasa hivi kwa kuwa "umeshapumzika vya kutosha".

Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya vibaya kwenye vipimo vya umakini sawasawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Akifikisha saa 24 ni sawa na takriban asilimia 0.10. Hakuna mwenye kampuni atakayempa mlevi ufunguo, lakini aliyekesha anapewa kila wiki ya msimu. Mirungi na vinywaji vya kuongeza nguvu vinafungua macho, havirudishi usingizi. Ubongo unaendelea kudai deni lake, na kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi unaweza kulichukua kwa sekunde chache bila kumwuliza mwenyewe. Kwa kilomita 80 kwa saa, sekunde tano ni zaidi ya mita 100.

Kenya, sheria inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Ulaya dereva lazima apumzike dakika 45 baada ya saa nne na nusu za usukani. Kampuni haihitaji kusubiri sheria iilazimishe: siku za foleni zihesabiwe kuwa siku za kazi, posho ziongezwe foleni inaporefuka, na baada ya kuvuka dereva apewe usiku mmoja kamili mahali penye ulinzi kabla hajagusa barabara ya Mpika, ndani ya Zambia. Posho ni muhimu kuliko wengi wanavyokubali. Ukimpa baba wa watu hela ya siku kumi akakaa kumi na sita, umemwachia achague kati ya kushinda njaa na kuuza dizeli yako.

"Ana leseni, mpe gari aondoke"

Leseni ni mwanzo tu. Pasipoti haitoki kwa siku moja. Cheti cha homa ya manjano, ambacho Kongo wanakidai, kinaanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, hivyo dereva aliyechanjwa Jumatatu hawezi kuwa Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, Ijumaa. Gari nalo linahitaji kadi ya njano ya bima ya COMESA, ambayo ni kitu kingine kabisa na hicho cheti. Na akishavuka Kasumbalesa, anahama kutoka kushoto kwa barabara kwenda kulia. Kwa aliyefunzwa maisha yake yote kushoto, kipilefti cha kwanza cha Lubumbashi ni hatari. Kijana wa namna hiyo mwingize Juni, apande safari mbili na mzee anayeijua njia.

"Kontena tupu litarudi tu"

Litarudi, na ankara yake. Kampuni ya meli inatoa siku kadhaa za bure, kisha demareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena, inahesabiwa kila siku, na saa hiyo haisimami kwa ajili ya foleni wala kwa ajili ya gari lililopata mzigo wa kurudi ukashushwa kwingine. Msimu wa mzigo yadi za makontena hujaa, na unaweza kufika Dar ukaambiwa upeleke kwingine. Kabla gari halijatoka, andika kwenye karatasi ya safari tarehe ya mwisho ya bure na jina la yadi inayopokea, mpe dereva nakala, na mtu mmoja ofisini awe na kazi ya kuipigia yadi hiyo simu gari likiwa limefika Makambako.