Kibarua Kinapoota Nyasi: Faraja na Sala kwa Aliyepoteza Kazi

Anayekabidhiwa barua ya kuachishwa kazi hupoteza mengi kwa siku moja. Mshahara ndio hutajwa kwanza, na ni haki, maana kodi ya nyumba na ada za watoto hazisubiri. Lakini sisi tunaohudumu katika ushauri wa kichungaji tunakutana na hasara nyingine zinazojitokeza baada ya wiki chache: mtu hana sababu ya kuamka alfajiri, hana wenzake wa kusalimiana nao, hana jibu akiulizwa “siku hizi uko wapi?” Wapo wanaoacha kwenda ibadani kwa kuliogopa swali hilo tu. Wapo pia wanaovaa na kutoka kila asubuhi kama kawaida, ili majirani wasijue, na wakati mwingine hata mwenzi wa ndoa asijue.

Kama wewe ni mmoja wao, nianze na jambo ambalo huenda hujaambiwa: hulazimiki kuanza kwa kushukuru. Waumini wengi hufundishwa kwamba imani ni kusema “Mungu ni mwema” papo hapo, hata machozi hayajakauka. Biblia haimharakishi mtu hivyo. Takriban theluthi moja ya zaburi zote 150 ni maombolezo. Zaburi ya 13 inamuuliza Mungu “hata lini” mara nne katika aya mbili za mwanzo, na mojawapo ya maswali hayo ni hili: “Hata lini nifanye mashauri nafsini mwangu, nikihuzunika moyoni mchana kutwa?” Aliyewahi kulala macho wazi akipiga hesabu ya akiba iliyobaki anajua maneno hayo yanazungumzia nini. Ni sala halali. Ilikubaliwa kuwamo katika Maandiko, kwa hiyo na yako itakubaliwa.

Tumtazame Eliya katika 1 Wafalme 19. Muda si mrefu alikuwa ameshinda mbele ya watu wote juu ya Mlima Karmeli, na sasa ameketi peke yake jangwani chini ya mretemu, anaomba afe. “Yatosha,” anasema. Mungu hakumkemea wala hakumhubiria. Alimwacha alale, akampelekea mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Ndipo ikafuata safari ya siku 40 hadi Horebu, kisha swali, kisha kazi mpya. Napenda sana utaratibu huu, na ninasikitika kwamba mara nyingi tunaugeuza: tunampa aliyeumia maelekezo kwanza, tukidhani usingizi na chakula vitajileta vyenyewe. Katika majuma ya mwanzo, kula kwa wakati, kulala na kutembea kidogo kila siku ni sehemu ya kumtii Mungu. Na kama moyo wako umefika alikofika Eliya, ukaona afadhali usiwepo, usikae na wazo hilo hata usiku mmoja zaidi. Mwambie leo mtu unayemwamini, na umwone daktari au mshauri. Nabii mkubwa alisema maneno hayo, na Mungu alimjibu kwa kumpelekea malaika wa kumgusa, si kwa kumwita msaliti.

Baada ya huzuni huja hatia. “Nimemkosea Mungu wapi?” Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba walizokaa naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipofungua midomo na kuanza kumtafutia dhambi, na mwishoni mwa kitabu Mungu anamwambia Elifazi, mmoja wao, kwamba amemkasirikia yeye na rafiki zake wawili. Kampuni hufungwa, ufadhili wa miradi huisha, mashine huchukua nafasi za watu, mikataba haihuishwi. Mambo hayo huwakuta wacha Mungu na wasiomcha. Ikiwa kweli uliachishwa kwa kosa lako, litaje kosa hilo kwa jina lake mbele za Mungu, mwombe msamaha uliyemkosea, rekebisha kinachorekebishika. Ukishatubu, usijitungie hukumu ya ziada.

Ikiwa ulionewa, kudai haki yako si upungufu wa imani. Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza kibarua alipwe siku ile ile kabla jua halijatua, na Yakobo 5 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana. Paulo mwenyewe alitumia haki zake za uraia wa Rumi na akakata rufani kwa Kaisari. Soma barua yako ya kusitishwa ajira kwa utulivu, usisaini usichokielewa, uliza kuhusu malipo ya notisi, likizo ambazo hukuchukua na mafao yako. Unaweza kufanya hayo yote ukiwa umefunga na kusali.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa ubaki nalo hata ukiyasahau mengine. Katika Mathayo 20, Yesu anasimulia habari za mwenye shamba la mizabibu anayekwenda sokoni kutafuta vibarua: alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja jioni. Wale wa mwisho anawauliza mbona wamesimama mchana kutwa bila kazi. Wanajibu, “Kwa kuwa hakuna mtu aliyetuajiri.” Mara nyingi mahubiri hulipita jibu hilo haraka ili yafikie manung’uniko ya waliotangulia. Lisikilize. Watu hawa hawakuwa wavivu. Walikuwa sokoni kutwa, wakitazama wenzao wakichaguliwa kundi baada ya kundi, na jioni walikuwa bado wamesimama. Mwenye shamba hakuwaambia wangefika mapema zaidi. Aliwapa kazi ya saa moja na akawalipa dinari nzima, ujira wa siku, kwa sababu tumbo la aliyekosa kazi linahitaji chakula kile kile cha aliyeipata. Yesu anasema ufalme wa mbinguni umefanana na huyo.

Kwa hiyo thamani yako mbele za Mungu haihesabiwi kwa saa ulizofanya kazi. Hata kwa Yesu mwenyewe, sauti iliyosema “Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu” ilisikika mtoni Yordani kabla hajahubiri wala kuponya mtu yeyote. Alipendwa kwanza, kazi ikafuata.

Wasomaji wanaofikiri umri umewatupa mkono na hawawezi kuanza upya wasome habari za Akila na Prisila katika Matendo 18. Amri ya Kaisari Klaudio, ambayo wanahistoria wengi huiweka mwaka 49, iliwafukuza Wayahudi Rumi, na wanandoa hao wakaacha makazi na wateja wao. Walianza tena Korintho kwa ufundi ule ule wa kushona mahema, na ndani ya karakana hiyo wakampokea Paulo afanye kazi pamoja nao. Ujuzi wako haukubaki ofisini ulipokabidhi funguo. Kaa chini uandike kila unachoweza kufanya kwa mikono na kwa akili, hata kile ambacho hukuwahi kulipwa.

Kuna aya mbili ambazo utaumizwa nazo, basi nizitaje. “Ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula” iliandikwa kwa asiyetaka. Haimhusu anayetafuta akakosa. Na Yeremia 29:11, juu ya mawazo ya amani ambayo Mungu anatuwazia, ilitumwa kwa watu wa uhamishoni walioelezwa aya moja nyuma kwamba wangesubiri miaka 70, na wakaagizwa wajenge nyumba na kupanda bustani huko huko. Ni ahadi ya kweli, ila haikupangiwa kutimia mwisho wa mwezi huu.

Ninaonya pia kwa uzito wote: usipeleke kiinua mgongo chako kwa mtu anayekuahidi kazi ukipanda mbegu ya fedha. Mungu hauzi ajira. Fedha hiyo ni mkate wa nyumba yako, na kuilinda ni uwakili mwema.

Sala yenyewe iwe fupi na ya kila siku. Bwana alitufundisha kuomba riziki ya leo, na mana ya jangwani iliyowekwa hadi kesho yake iliingia mabuu. Omba asubuhi, kisha fanya jambo moja la kutafuta kazi, hata dogo: barua moja, simu moja, ziara moja. Ukikosa maneno, tumia haya:

Baba, kazi niliyoitegemea imeondoka, nami ninaogopa. Sitakuficha: nina hasira, nina aibu, na usiku ni mrefu. Unifahamu kwa jina langu, si kwa cheo nilichokuwa nacho. Utupe leo riziki yetu, chakula cha nyumba hii na ujasiri wa siku hii moja. Nilinde nisiwaumize wanangu na mwenzangu kwa uchungu wangu. Uliyeniona nimesimama hadi saa kumi na moja, nifungulie mlango wa kazi halali, na nipe macho ya kuuona hata ukiwa mdogo. Wabariki waliobaki kazini. Ondoa wivu moyoni mwangu. Walionikosea uwahukumu wewe kwa haki, nami unisamehe nilipokosa. Katika jina la Yesu, Amina.

Nanyi mnaosali pamoja naye, msimwachie sala tupu. Wagalatia 6 inatuagiza tuchukuliane mizigo, na mzigo huu una ankara ndani yake. Mgonjwa haulizwi uji: pelekeni unga na mafuta bila kusubiri aombe, na mpeleke faraghani. Mpeni jukumu kanisani linalolingana na uwezo wake, ili ajue bado anahitajika. Mkisikia nafasi ya kazi, mpelekeeni habari siku hiyo hiyo, na anayeweza kumwandikia barua ya utambulisho amwandikie. Msimuulize kila Jumapili kama ameshapata. Atakapopata, mtakuwa wa kwanza kuambiwa. Kwa sasa muulizeni amelala vipi, na mketi kusikiliza jibu lake.