Anwani ya "Kutoka" si ushahidi wa mtumaji

Wengi huamini kwamba seva ya barua pepe husoma mstari wa "Kwa" ili ijue pa kuipeleka barua, na kwamba anwani iliyo kwenye "Kutoka" imehakikiwa. Sivyo. Tangu kanuni za SMTP, yaani utaratibu wa kutuma barua pepe, zilipochapishwa mwaka 1982, seva huambiana anwani kando, kabla ya barua yenyewe: moja ya kurudishia taarifa barua ikikwama, nyingine za wapokeaji. Hiyo ndiyo bahasha. Mistari tunayoiona ni sehemu ya karatasi iliyo ndani, na mtumaji anaweza kuandika humo atakalo.

Ndiyo maana nakala ya siri hukufikia ingawa anwani yako haionekani popote. Ndiyo maana pia tapeli anaweza kujaza anwani ya benki yako kwenye "Kutoka". Jambo hili linaniuma, kwa sababu wanaoibiwa mara nyingi ni wale walioshauriwa "angalia anwani tu".

Ukaguzi wa SPF (unaoangalia kama seva iliyotuma imeruhusiwa na mwenye kikoa, yaani jina lililo baada ya "@" kwenye anwani) peke yake hautoshi, kwani hutazama anwani ya bahasha. DMARC, kanuni anayoitangaza mwenye kikoa, ndiyo hulinganisha kikoa cha "Kutoka" na kile kilichothibitishwa kwa SPF au DKIM (sahihi ya kidijitali iliyowekwa kwenye barua), tena pale tu mwenye kikoa ameiweka na seva inayopokea inaizingatia.