Loji si jengo, na hapana, hawagawi pesa

Juzi tena. Nimetoka kueleza habari za chokaa na mawe ya majengo ya kale, nakaribisha maswali, kijana ananyoosha mkono: "Mtaalamu, ukijiunga na Frimasoni pesa zinaingia baada ya siku ngapi?" Mimi si mwanachama. Vile vikaratasi vya kwenye nguzo za umeme ni utapeli. Tumemaliza hilo.

Kinachoniudhi zaidi ni kudhani kwamba loji ni jumba. Loji ni kikundi cha wanachama wanaokutana pamoja, na Frimasoni chimbuko lake ni waashi wa mawe. Ukitaja loji kongwe, watu wanataka picha ya nguzo nene na mlango wa kutisha. Chukua Loji ya Edinburgh, Uskoti, iitwayo Mary's Chapel: daftari lake la vikao linaanzia 1599, zaidi ya karne moja kabla ya Loji Kuu ya London, yaani muungano wa loji za huko. Lakini kwenye mtaa wa Hill Street, ilipo leo, loji ilihamia 1893 tu. Kanisa dogo lililoipa jina lilikuwa kwenye uchochoro wa Niddry's Wynd, likabomolewa 1787 kupisha daraja la South Bridge. Jengo limekufa, loji ipo.

Tena neno lenyewe, kwa waashi wa zamani, lilikuwa banda la saiti! Pale unachonga mawe mvua ikinyesha, unaweka patasi, unakula. Kazi ikiisha, banda linang'olewa. Anayetafuta siri za Frimasoni kwenye kuta aanzie hapo.

Na siri za daftari? Kikao cha kwanza kilichoandikwa, 31 Julai 1599, ni kesi ya dohani. Mwashi George Patoun alikiri kwamba alimweka fundi asiyepita uanagenzi, sisi tungesema fundi maiko, kwenye kichwa cha dohani kwa siku mbili na nusu. Siku mbili na nusu! Akajinyenyekeza, wakamsamehe kwa kuangalia hali yake, wakaonya kwamba atakayerudia, yeye au mwingine, sheria itamshukia. Hakuna joka, hakuna damu. Ni mafundi wanalinda kibarua chao.

Sasa mahali ninapokwama. Waashi hawa waligeukaje kuwa klabu ya mabwana wasiojua kushika mwiko? Vitabu vingi vinapita hapo mbio. Mwaka 1600 John Boswell wa Auchinleck, mwenye mashamba, alihudhuria kikao na kuweka alama yake kama mafundi wengine. Alikuwa mwanachama, au mkubwa aliyealikwa kusimamia shauri? Nimebadili mawazo mara mbili. Mwaka huu naegemea la pili.

La Robert Moray halina ubishi. Alikuwa mwanajeshi, si mwashi, na wanachama wa loji hiyohiyo walimpokea tarehe 20 Mei 1641. Walimpokelea Newcastle, Uingereza, walikokuwa na jeshi la Uskoti, mbali kabisa na Niddry's Wynd.